Hayajafika: Darasa la Jumamosi pale Voi

Juzi kijana mmoja wa hapa Mwatate, aliyepata kazi ya uhadhiri hivi karibuni na viatu vyake bado vinalia akitembea, alipita kunijulia hali. Nikamuuliza darasa linaendaje. "Vizuri sana, mzee," akanijibu. "Wanafunzi wametulia. Muhula mzima hakuna aliyeniuliza swali." Alisema hivyo akitabasamu, kikombe changu cha chai mkononi mwake. Nusura nimpokonye.

Haya, kaeni chini, yeye na nyinyi wenzake wote mnaofundisha vyuoni siku hizi kwa picha za kumulika ukutani. Nina maneno.

Mimi nilikuwa mratibu wa masomo ya Jumamosi ya chuo kikuu pale Voi, miaka ya sabini. Chuo chenyewe kilikuwa Nairobi. Sisi tulikuwa kidole chake cha mwisho cha mguu, kile ambacho mwenyewe hukikumbuka siku akijikwaa. Tulisomea katika ukumbi wa jamii karibu na stesheni, paa la mabati, madirisha nusu yamekwama. Wanafunzi walikuwa watu wazima: walimu wa shule za msingi walioteremka kutoka milimani, makarani wa reli, muuguzi, nyapara wa shamba la mkonge, na mwenye hoteli mmoja wa Maungu aliyezoea kubishana na madereva wa malori. Kazi yangu ilikuwa kutafuta chaki, kuwafundisha kuandika insha, na kuwapokea wahadhiri walioshuka treni ya Nairobi alfajiri, macho mekundu, wakiniuliza kama Voi kuna maji ya moto.

Kabla sijaendelea, chukueni hili bure. Voi saa nane mchana haifundishwi kitu kigumu. Chini ya mabati yale, mtu akishakula ugali na maharagwe, hata umtangazie mwisho wa dunia ataandika kichwa cha habari, apige mstari chini yake, alale. Kigumu kipeleke asubuhi. Mchana wape kazi ya kusimama, kuchora ubaoni, kubishana. Anayekoroma mkalishe karibu na dirisha linalofunguka. Hiyo si adhabu, mtu anahitaji hewa.

Sasa, mhadhiri wetu wa uchumi tulimwita Dakta. Madakta wengine walipita, lakini huyu ndiye aliyependa kuitwa. Alivaa suti nzito na tai katika jua la Voi, na alikuwa na karatasi zilizogeuka manjano, alizoandika alipokuwa akisoma Uingereza. Alizisoma neno kwa neno. Bei ya sufu. Viwanda vya sufu. Wafugaji wa kondoo na mkataba wao na wenye viwanda. Mbele yake wamekaa watu waliokulia kati ya mkonge, mahindi na ndizi, na mwenye vazi la sufu alikuwa yeye peke yake.

Treni ya mizigo ilikuwa ikipita pale nyuma, ukumbi unatetemeka mpaka chaki inajiviringisha yenyewe mezani. Mimi nilikuwa nikinyamaza mpaka behewa la mwisho lipite, halafu naendelea. Dakta hakunyamaza. Midomo iliendelea kwenda, na wanafunzi, kwa adabu, waliendelea kuandika kwa kukisia midomo. Siku moja niliwauliza baadaye alisema nini wakati ule. Karani wa reli akaniambia bei ya sufu ilipanda. Muuguzi akasema hapana, ilishuka. Nyapara akasema yeye alichosikia ni kwamba kondoo walikufa wote.

Katika darasa hilo alikuwako mwanamke tuliyemwita Mama Flora, mwalimu wa shule ya msingi kule Mboghoni, upande wa Taveta. Alikuwa amefundisha miaka mingi bila cheti, na bila cheti hakuwa na hakika ya kazi hata muhula mmoja mbele. Kila Ijumaa alipanda lori la ndizi mpaka Voi, akalala kwa dadake, akaja darasani Jumamosi. Watoto aliwaacha kwa mama mkwe wake, bibi mwenye maneno machache na yote ya kukata. Bibi huyo alikuwa amemwambia wazi: atamtunzia watoto mwaka huo mmoja tu. Akianguka mtihani, arudi shambani kama watu wengine, kwa sababu cheti hakipaliliwi kikaota.

Siku moja lori lilichelewa, akaja moja kwa moja kutoka barabarani, kanga ina vumbi jekundu. Dakta akamuuliza sababu. "Ndovu walisimama barabarani," akasema.

Dakta akaweka karatasi chini. "Mama, tafuta kisingizio cha mtu mzima."

Darasa zima likakaa kimya. Hakukuwa na hata mmoja mle ndani ambaye hajawahi kucheleweshwa na ndovu, na mimi mwenyewe niliwahi kukosa harusi kwa ajili yao. Lakini hakuna aliyefungua mdomo kumtetea. Na hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu kimya hicho ndicho kijana wangu anachokisifu.

Sisi watu wa huku, mgeni akikuletea kitu, hukifungui mbele yake ukaanza kukikagua. Unakipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unakiweka ndani. Kama kimeoza utajua mwenyewe akishaondoka, na hutamwambia. Basi wanafunzi wangu waliyapokea masomo ya Dakta namna hiyo hiyo. Kila Jumamosi aliuliza, "Mmeelewa?" na ukumbi mzima ukajibu, "Tumeelewa, Dakta, asante." Aliyeongoza kuitikia alikuwa Bwana Mwakio, karani wa reli, aliyekaa kiti cha mbele kabisa na kutikisa kichwa kwa kila neno, hata Dakta alipokuwa akikohoa. Wakayapeleka masomo nyumbani, wakayaweka. Dakta naye akaandika Nairobi kwamba darasa la Voi ndilo bora nchini, halina fujo, linaelewa upesi.

Walipoyafungua yale masomo, ilikuwa ndani ya chumba cha mtihani. Ndani yake hamkuwa na kitu.

Walianguka kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Bwana Mwakio alianguka. Muuguzi alianguka. Wa mwisho kabisa alikuwa Mama Flora. Nairobi ikaleta habari kwamba Mkuu wa idara atakuja mwenyewe kuliangalia darasa hilo, na asiporidhika litafungwa, pesa zake ziende kwingine. Likiendelea, waliofeli watapewa mtihani mwingine mwisho wa mwaka.

Mama Flora hakuja Voi kusikia matokeo, lori liliharibika. Nikaona habari ya namna hiyo haipelekwi kwa mdomo wa dereva. Nikaenda mwenyewe Mboghoni. Shuleni nikaambiwa yuko kwenye mkutano wa mfereji.

Wale ambao hamjalima kwa maji ya mfereji, sikilizeni. Maji yanatoka mtoni, yanapita shamba kwa shamba kwa zamu. Aliye juu anapata kwanza, aliye mkiani anapata yaliyobaki, kama yamebaki. Nikafika nikawakuta wamesimama kando ya mfereji, majembe begani, na mwenyekiti wao, mwanamume mfupi mwenye gambuti, anafungua mkutano. Hakutoa hotuba. Aligeuka moja kwa moja kumtazama aliye na shamba la mwisho, ambaye alikuwa si mwingine bali mama mkwe wa Mama Flora.

"Mama, yamefika?"

"Hayajafika."

"Yameishia wapi?"

Wa pili kutoka mkiani akasema kwake pia hayajafika. Wa tatu akasema yanafika lakini ni matope tu. Wa nne akasema kwake yako. Basi, pale kati ya wa tatu na wa nne wakaenda wote na majembe, wakakuta panya wamechimba ukingo, wakaziba. Hakuna aliyekasirika wala aliyeombwa radhi. Mwenye shamba la juu hakuulizwa kabisa. Nilimuuliza mwenyekiti kwa nini, akanitazama kama mtu aliyepotea njia. "Mwalimu, yeye siku zote atakwambia yako. Yako kwake."

Nikampa Mama Flora habari zangu pembeni. Hakulia. Aliuliza tu kama kuna mtihani mwingine, nikamwambia upo, Nairobi wakikubali. Kumbe mama mkwe yuko nyuma yetu, anasikia yote.

"Hiyo masomo, Mwalimu," akasema, "inamwingia?"

Nikajitetea kwamba Mama Flora anahudhuria vizuri, hakosi hata Jumamosi moja.

"Sikuuliza kama anafungua mfereji. Nimeuliza kama maji inafika."

Nilirudi Voi juu ya ndizi, nikifikiria yule bibi njia nzima, na nilipofika Mwatate nilikuwa nimeshaamua la kufanya.

Jumamosi kabla ya Mkuu kuja, Dakta hakuwapo, nikawaeleza darasa mpango. Dakta akiuliza kama wameelewa, asijibu aliye mbele. Aanze aliye mkiani, yule wa alama za mwisho, aseme yamefika au hayajafika. Kisha anayemfuata, mpaka tujue tundu liko wapi.

Bwana Mwakio alisimama, amekasirika kweli. "Mwalimu, tumwaibishe mgeni? Mbele ya mkubwa wake? Mimi kwetu sikulelewa hivyo."

"Hata mimi sikulelewa hivyo, Bwana Mwakio. Lakini mgeni huyu anatuletea debe tupu kila wiki na tunamshukuru."

Wakanung'unika. Muuguzi akasema jambo la maana, kwamba huyo Dakta ndiye anayetunga mtihani na ndiye anayeusahihisha, na atakayeanza kusema ndiye atakayekumbukwa. Alisema kweli.

Mama Flora akasema kutoka nyuma, "Wa mkiani ni mimi. Nitasema mimi." Halafu akainama akatafuta kitu ndani ya kikapu chake, asituangalie.

Niliogopa kwa ajili yake juma zima. Kama Mkuu angechukia, darasa lingefungwa na mwaka aliopewa ungeisha palepale. Kama Dakta angechukia, mtihani ungekuwapo lakini Mama Flora angekuwa ameshaanguka. Nilitamani kumwambia aache. Mke wangu akaniuliza kwa nini sili.

Mkuu alifika, mtu mnene mpole mwenye leso, akakaa ubavuni chini ya dirisha linalofunguka. Nililichagua mwenyewe. Dakta alifunga tai, akatoa karatasi za manjano, akaanza: mahitaji ya sufu yakipungua na wafugaji wakawa wengi, bei huanguka. Alikuwa hodari siku hiyo, sauti imepanda. Treni ya mizigo ikapita, naye akaendelea. Mkuu akasinzia kidogo.

"Mmeelewa?" akauliza Dakta, tayari anakunja karatasi.

Bwana Mwakio nilimwona mdomo unafunguka wenyewe kwa mazoea, akaufunika kwa kiganja. Dakta akamgeukia Mkuu akitabasamu, kama kusema unaona mwenyewe.

Mama Flora akasimama. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. "Dakta, asante. Hayajafika."

"Nini hayajafika?"

"Maji."

Dakta akaangalia glasi yake mezani. Mkuu akafumbua macho.

Ikabidi mimi nieleze habari ya mfereji na namna wanavyoanza mkiani. Dakta uso ukawa mgumu. "Sawa, mama," akasema taratibu. "Yameishia wapi?"

"Januari," akasema Mama Flora.

Hakusema kwa dharau. Alisema kama mama mkwe wake alivyosema kule shambani, kwa sababu ndipo yalipoishia. Nyapara akasimama, akasema kwake yalifika mpaka siku ya kondoo kufa. Dakta akasema hakuna kondoo aliyekufa. Muuguzi akasimama akasema basi hata kwake ni matope. Mwenye hoteli wa Maungu akasema yeye maji anayaona yakipita kwa jirani, lakini jirani naye anakana. Wakaja hivyo, kiti kwa kiti, mpaka mbele kabisa kwa Bwana Mwakio, aliyekuwa akitokwa jasho kuliko Dakta mwenyewe.

"Mimi niko mbele, Dakta," akasema. "Nimeloa. Lakini sijanywa."

Mkuu alicheka mpaka leso ikaanguka. Dakta hakucheka. Alizipanga karatasi zake, akazitia mkobani, akatoka bila hata soda aliyowekewa. Mkuu akaniambia darasa liendelee mpaka mwisho wa mwaka, kwa kuwa amekagua madarasa mengi na hili ndilo la kwanza kumweleza kitu. Wengine wakapongezana. Mama Flora alikaa tu. "Amekasirika, Mwalimu," akaniambia. "Umemwona." Nilimwona.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda stesheni bila matumaini. Dakta alishuka. Hakunisalimu sana. Aliingia ukumbini, akavua koti, jambo ambalo hatujawahi kuliona, tukagundua ana mikono kama watu. Akasimama akimtazama Mama Flora kwa muda mrefu mpaka nikaanza kusogea katikati.

"Mama," akasema, "lile lori la ndizi. Likichelewa kwa sababu ya ndovu, ndizi zako unaziuza vipi?"

"Zinaiva, Dakta. Zikiiva nauza kwa bei yoyote. Na za wenzetu wa kijiji cha Mata pia zimeiva, tunashuka wote pamoja sokoni."

"Na lisipochelewa?"

"Wanunuzi ndio wananifuata."

Akageuka ubaoni, akauchora ule mstari wake wa bei aliokuwa akiusoma tangu Januari, na safari hii akaandika ndizi mahali pa sufu. Nyapara akasema mkonge hauendi hivyo, unangoja. Dakta akamuuliza kwa nini unangoja. Mwenye hoteli akaingilia, wakashikana maneno, Dakta kati yao na vumbi la chaki mpaka masikioni. Treni ya mizigo ikapita, wote wakanyamaza, Dakta pia. Behewa la mwisho lilipomalizika, walianza kusema wote kwa pamoja. Ilikuwa saa nane mchana na hakuna aliyesinzia.

Sitawadanganya kwamba aligeuka malaika. Zipo Jumamosi karatasi za manjano zilirudi, na mkiani wakamwambia. Alikuwa akikunja uso, halafu anauliza yameishia wapi, anarudi hapo. Sikuwahi kuona mtu akijifunza kazi kwa uchungu namna ile. Nilimpenda kwa hilo, ingawa sikumwambia.

Mwisho wa mwaka Mama Flora alifaulu. Hakuwa wa kwanza, alikuwa katikati, pazuri tu. Wengi walifaulu, na Bwana Mwakio pia. Habari zilipofika Mboghoni, naambiwa mama mkwe aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari, akanyoosha mgongo, akasema, "Yamefika," kisha akaanza mstari mwingine. Watoto aliendelea kuwatunza, na hakuna aliyemkumbusha kwamba alisema mwaka mmoja tu.

Sasa mngetaka niishie hapo. Lakini chuo kikuu hakiwezi kuona kitu kizuri kikaachwa kilivyo. Miaka michache baadaye tuliitwa Nairobi, waratibu na walimu wa masomo ya nje, kwenye semina. Mama Flora, wakati huo mwalimu wa cheti mwenye miwani, alikuwa akinisaidia Voi, nikaenda naye. Mzungumzaji mkuu alikuwa Dakta, amepandishwa cheo kwa uvumbuzi wake wa njia mpya ya kufundisha watu wazima. Mada ilikuwa Mfereji. Akapanda jukwaani na suti, akatoa karatasi, nyeupe safari hii, akazisoma neno kwa neno mpaka mchana ukapinda. Alieleza kwa kirefu umuhimu wa kumsikiliza mwanafunzi. Ukumbi ulikuwa umejaa wasomi na wote walikuwa wakitikisa vichwa.

"Mmeelewa?" akauliza.

"Tumeelewa," wakajibu wasomi, na makofi yakaanza mbele.

Sisi watu wa Voi tulipewa viti vya nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni. Nilihisi kiti cha jirani yangu kimesogea. Nikamshika Mama Flora kanga, nikamnong'oneza, "Mama, huyu sasa ni profesa."

Akajitoa, akasimama. Aliinua mkono mpaka makofi yakaisha.

"Dakta," akasema, "hayajafika."

Watu waligeuka wote kutafuta ni nani huyo. Mwenyekiti wa semina akainuka nusu. Pale jukwaani Dakta alivua miwani, akaangalia nyuma, mbali, mpaka akatuona. Kisha akazikunja zile karatasi nyeupe, akavua koti, akaliweka juu yazo.

"Haya, mama," akasema. "Yameishia wapi?"